Saa Tisa Usiku, Barabara ya Hima



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada, niliombwa niandike juu ya swala ya alfajiri. Mimi si sheikh, na wako miongoni mwenu waliohifadhi kuliko mimi. Ninachoweza kuwapa ni habari ya miguu yangu. Katika Suratu Yasin tunafundishwa kwamba iko siku miguu itasimama kuwa shahidi wa mwenyewe. Yangu haikusubiri siku hiyo. Ilianza kunishitaki hapa hapa Hima, nyumbani kwa bibi yangu, katika likizo ya mwaka 2024.

Wengi wenu mnaijua Hima kwa kuipita tu. Basi likitoka Fort Portal kwenda Kasese, unaona kiwanda cha saruji, unaona malori yamepanga foleni, halafu umeshapita. Mimi nimelelewa hapo. Kutoka Hima hadi Kasese mjini ni kama kilomita ishirini hivi, karibu sawa na nusu maratoni. Milima ya Rwenzori inakufuata upande mmoja njia nzima, na joto la bondeni halina huruma. Ikifika saa tatu asubuhi lami imeshapata moto.

Tangu mwaka 2022 Kasese ina mashindano yake, Rwenzori Marathon. Kuna mbio za kilomita 42, 21, 10 na 5. Nilijiandikisha zile za 21 pamoja na rafiki zangu wawili wa mtaani. Ugumu ulikuwa wa mazoezi. Mchana jua, jioni malori na bodaboda. Tukakubaliana tukimbie usiku, kuanzia saa tisa, kabla dunia haijaamka.

Hosteli nilikuwa nimewahi kuona video ya mbio za usiku za Marekani. Kuanzia mwaka 2010, kwa miaka kadhaa, Disney waliandaa nusu maratoni ya usiku kule Florida. Watu walianza kukimbia saa nne usiku, wakapita katikati ya bustani za burudani, taa za rangi kila upande, muziki, vikaragosi wakiwapungia mikono, na mwisho karamu ya vyakula na mvinyo. Watu walilipa pesa nyingi ili wakeshe hivyo. Nilicheka sana. Sisi wa Hima taa zetu zilikuwa za kiwanda nyuma yetu, tochi ya simu mbele yetu, na mbwa wa Mubuku ndio waliotushangilia. (Anayetaka kutuiga: msikimbie peke yenu, vaeni nguo zinazong'aa, na kimbieni upande wa kulia ili gari linalokuja mlione. Lori la saruji halina breki za kumbembeleza mtu.)

Sasa sikilizeni kisa chenyewe.

Likizo zote za nyuma bibi alikuwa akinigongea mlango alfajiri. Adhana ya Hima inaingia saa kumi na mbili kasoro kidogo. Atagonga mara ya kwanza, nitaitikia. Atagonga mara ya pili, nitasema nakuja. Mara ya tatu nilikuwa na jibu langu: "Bibi, mwili hauna nguvu. Masomo yamenichosha." Niliyasema hayo mara nyingi mpaka bibi akaamini kweli nina maradhi. Akaacha kunigongea. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa akiniombea shifaa katika sijda zake. Mzee wa miaka sabini na kitu, magoti yamekufa ganzi, anasujudu kumwombea afya kijana aliyelala chumba cha pili, mzima kama ng'ombe.

Usiku wa kwanza wa mazoezi nilitoka kwa kunyata. Nilidhani amelala. Nilipofika ukumbini nikamkuta juu ya mswala wake, tasbihi mkononi, kibatari pembeni kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

"Mume wangu," aliniita, kama anavyoniita tangu utotoni, "wakwenda wapi usiku huu?"

"Mazoezini, bibi. Tunakimbia."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tisa."

Akanitazama viatu. Akanitazama soksi. Kisha akasema taratibu, na wallahi hakuna kejeli yoyote katika sauti yake, ilikuwa ni furaha tu: "Alhamdulillah. Kumbe umepona."

Ndugu zangu, nimekemewa na walimu, nimefukuzwa chumba cha mtihani kwa kuchelewa. Hakuna neno lililonichoma kama lile.

Saa tisa usiku! Ninyi mnaosoma hesabu, pigeni. Kwetu jua linazama saa moja jioni na kidogo, alfajiri inaingia saa kumi na mbili kasoro. Gaweni usiku huo mafungu matatu. Fungu la mwisho linaanza kama saa nane na robo. Ndilo fungu ambalo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mola wetu huuliza ni nani anayemwomba ampe, ni nani anayemtaka msamaha amsamehe. Na mimi katika saa hiyo hiyo nilikuwa macho, nimeoga, nimefunga kamba za viatu, nimekunywa maji, nimenyoosha misuli. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa wudhu. Nilipita mbele ya mlango ulio wazi siku ishirini na kadhaa nikihesabu kilomita.

Mnaijua hadithi ya mafundo matatu ambayo shetani humfunga mtu kisogoni anapolala. Akiamka akamtaja Mungu, moja linafunguka. Akitawadha, la pili. Akiswali, la tatu, na anapambazukiwa mchangamfu. Mimi nilijifunza kwamba mafundo hayo hayamzuii mtu kuamka. Niliamka nayo nikaenda nayo mpaka daraja la Mubuku na kurudi, kisogo kizito, nikidhani ni uchovu wa mbio.

Mtasema kukimbia ni dunia tu. La hasha, dini yetu haina ugomvi na mkimbiaji. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, akashindwa, na siku nyingine akamshinda, wakataniana. Bibi Hajar alikimbia kati ya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji, na hadi leo hakuna Hija bila kufuata nyayo zake. Na yuko swahaba ambaye kila mkimbiaji wa masafa marefu angepaswa kumjua: Salama bin Akwa.

Habari yake imo katika Sahihi Muslim. Jeshi lilikuwa likirudi Madina kutoka Dhu Qarad. Mtu mmoja wa Ansari, ambaye hakuwahi kushindwa mbio, akawa anapaza sauti: nani atashindana nami mpaka Madina? Salama akaomba ruhusa kwa Mtume, akapewa, akaruka kutoka mnyamani. Hapo angalieni alivyofanya. Hakumkimbilia mwenzake kwa pupa. Alijizuia mwinuko mmoja au miwili ili atunze pumzi. Halafu akaachia miguu, akamfikia yule Ansari, akampiga kofi la utani kati ya mabega, akamwambia umeshapitwa. Akafika Madina wa kwanza.

Mwinuko mmoja au miwili. Mimi kilomita tano za mwanzo za Kasese nilizikimbia kama Jacob Kiplimo, Mganda mwenzetu, ambaye mwaka 2021 kule Lisbon aliweka rekodi ya dunia ya wakati huo kwa dakika 57 na sekunde 31. Kilomita ya kumi na nne nilikuwa natembea nimeshika kiuno, mama mmoja mwenye umri wa mamangu akanipita akanipa pole. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika 41. Na sisi ibada zetu chuoni tunaziendesha vivyo hivyo. Wiki ya kwanza ya muhula mtu anaswali tahajudi rakaa nane, anafunga Jumatatu na Alhamisi, anajiunga na darsa tatu. Wiki ya sita humwoni hata Ijumaa. Akija tena ni wiki ya mitihani, na msikiti unajaa mpaka viatu vinapotea. Mtume wetu alipenda amali ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Rakaa mbili za alfajiri kila siku ni mwendo wa mtu anayetaka kufika Madina.

Nimewaficha jambo, na ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Siku yenyewe ya mashindano, mwezi wa Agosti, tulikodi gari kutoka Hima. Liliondoka kabla ya adhana. Mle ndani Waislamu tulikuwa watatu kati ya abiria kumi na wanne. Karibu na mjini niliisikia adhana kwa mbali. Nikasema moyoni, tutaswali tukifika. Tulipofika kukawa na kubandika namba, kukabidhi mabegi, foleni ya choo, kupasha misuli moto. Fulana za mashindano zilikuwa na jina la bia, nikashughulika kuigeuza yangu ndani nje nikajiona mchamungu. (Suala la fulana hiyo mkamwulize sheikh, mimi mwaka huu nitavaa yangu.) Wenzangu wawili walinitazama, nami niliwatazama. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme. Hakuna aliyesema.

Kisha nikaona vilele. Wenyeji wa kwetu mnajua: Rwenzori iko magharibi, kwa hiyo jua linapochomoza, mwanga hugusa vilele kwanza, halafu unateremka mlimani polepole kama mtu anayekunja pazia. Nilisimama katika ule umati nikautazama mwanga ukiteremka, na nikajua kila hatua yake ilikuwa inanikatia muda. Ulipofika mabondeni, wakati ulikuwa umekwisha. Niliyelala akapitiwa, au aliyesahau, dini imempa njia: aswali anapokumbuka. Mimi sikulala wala sikusahau. Nilikuwa macho, nikitazama.

Mtume (S.A.W.) ametuambia zile rakaa mbili za sunna kabla ya alfajiri ni bora kuliko dunia na vilivyomo. Hizo ni sunna tu. Mimi niliiacha faradhi yenyewe, na bei niliyoiuzia ninayo: iko katika droo, ina utepe.

Niliswali karibu saa nne, nyuma ya gari, jasho likinikauka, nikitubu. Jioni bibi aliishika ile medali, akaipima mkononi. "Nzito," akasema. "Na alfajiri uliswali wapi, mume wangu?"

"Mjini, bibi."

Lilikuwa jibu la kweli, na ulikuwa uongo. Aliridhika, akairudisha.

Nimekaa na jibu hilo muhula mzima. Nimejaribu kulilipa. Nimeweka simu mbali na kitanda, nimemwomba mwenzangu wa chumba, ambaye si Mwislamu, anivute blanketi, na anafanya hivyo kwa raha kupita kiasi. Zipo siku nimeamka, zipo siku nimeshindwa. Jambo moja tu limebadilika kabisa: sisemi tena kwamba mwili hauna nguvu. Mwili huu naufahamu. Nimeuona barabarani saa tisa usiku. Na wewe wako unaufahamu, uliyekesha kutazama mpira wa Ulaya, uliyekesha na kazi ya kuwasilisha kesho, uliyekesha na simu.

Kitu kingine kinanichekesha kila nikikumbuka. Sisi wapenda mbio, mahali pekee tulipokatazwa kukimbilia ni swalani. Iqama ikisikika, Mtume ameamrisha twende kwa utulivu, tutakachokiwahi tuswali na kilichotupita tukamilishe. Hakuna saa ya kupima, hakuna kumpita mtu. Kinachotakiwa ni kutoka mapema.

Likizo iliyopita nilimwambia bibi ukweli wote. Nilikaa mkekani miguuni pake, nikaeleza habari ya gari, foleni, vilele, na lile neno "mjini". Nikamwambia pia kwamba sikuwahi kuumwa. Alikaa kimya muda mrefu, tasbihi ikitembea. Nilitarajia machozi au makaripio. Badala yake aliuliza gari la mwaka huu litaondoka saa ngapi.

Nikamwambia bado hatujapanga.

"Liondoke saa kumi," alisema. "Mfike mjini mna nafasi, mswali jamaa msikitini, halafu mkakimbie mtakavyo. Mniamshe saa nane niwapikie chai." Akacheka kidogo. "Ingawa mimi hamtanikuta nimelala."

Basi saa kumi usiku, kutoka Hima, penye kituo cha bodaboda. Mpaka sasa tuko sita, wawili wao watakimbia kilomita tano na mmoja anakuja kutushikia mabegi. Dereva amekubali. Anayetaka kwenda nasi aniletee jina lake kabla ya mwisho wa mwezi, na aje na wudhu wake.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.