Samaki Mkunje Angali Mbichi

Samaki aliyetoka majini sasa hivi hukunjika bila taabu. Akishakauka, ukimlazimisha atavunjika. Hiyo ndiyo maana ya nje ya methali hii. Maana ya ndani huhusishwa zaidi na malezi: mtoto hufunzwa adabu angali mdogo. Hata hivyo, hekima yake inagusa kila nguvu inayokua, zikiwemo kampuni kubwa za teknolojia. Je, serikali zizidhibiti? Methali inajibu: ndiyo, tena mapema.

Tazama yaliyotokea Marekani. Mwaka 2012 Facebook iliinunua Instagram, kampuni changa yenye wafanyakazi 13, kwa dola bilioni 1. Tume ya Biashara ya Shirikisho ililichunguza jambo hilo, ikaliacha lipite. Miaka miwili baadaye Facebook ikainunua WhatsApp. Desemba 2020 Tume hiyohiyo ilikwenda mahakamani ikitaka kuzitenganisha kampuni hizo. Novemba 2025 Jaji James Boasberg akaamua kwamba Tume haikuthibitisha kuwa Meta, jina jipya la Facebook, bado inahodhi soko, kwani TikTok na YouTube zilikwishaingia uwanjani. Kilichoachwa mwaka 2012 kimekuwa kigumu kurekebishwa.

Methali haimlaumu samaki. Inamwagiza mwenye mkono. Kampuni hutafuta faida, na hilo halishangazi. Anayewajibika ni yule aliyekabidhiwa mamlaka na wananchi, kisha akangoja mpaka nguvu ya mmoja ikawashinda wote.

Wapo wanaohofu kwamba udhibiti wa mapema utaua ubunifu. Hofu hiyo ina uzito, lakini anayemkunja samaki hakusudii kumharibu. Nchini Kenya, mawakala wa M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu, walikuwa wakilazimika kuihudumia kampuni hiyo peke yake. Mshindani wake, Airtel, alilalamika, Mamlaka ya Ushindani ikaingilia kati, na mwaka 2014 mawakala wakawa huru kuzihudumia kampuni nyingine. M-Pesa haikufa, iliendelea kustawi.

Mkono unaokunja nao unahitaji mipaka. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, serikali ya Uganda ilizima intaneti nchi nzima. Huko kulikuwa kuwaziba wananchi midomo, wala hakukumlinda mteja wala mfanyabiashara mdogo. Udhibiti wa haki hutungiwa sheria iliyo wazi, husimamiwa na chombo huru, na anayeonewa hupata mahakama ya kumsikiliza.

Samaki mbichi wa leo ni akili mnemba. Mabunge ya Afrika Mashariki yatunge sheria zake sasa: nani anamiliki data zetu, nani anawajibika mashine ikimnyima mtu mkopo bila sababu, na mteja atahamaje kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Yafanye hivyo kabla shule, hospitali na benki zetu hazijaitegemea kampuni moja kiasi cha kushindwa kuiambia hapana.