Elimu Isiyopigiwa Makofi

Allauddin Khan hakukusudia kumfundisha muziki binti yake mdogo. Yeye mwenyewe, Mbengali aliyekuwa ustadhi wa muziki katika ikulu ya mfalme wa Maihar, katikati ya India, alikwisha kumfundisha binti mkubwa, na binti huyo alipoolewa, ukweni hawakuutaka uimbaji wake. Inasimuliwa kwamba hata ala yake, tanpura, ilitiwa moto. Mzee akaona yaliyomkuta mkubwa yasimkute mdogo. Mafunzo akampa mtoto wa kiume, Ali Akbar.

Siku moja baba katoka, Ali Akbar yuko mazoezini, na mdogo wake anacheza karibu. Kaka akakosea. Msichana akamwambia Baba hakufundisha hivyo, akauimba mstari wote ulivyopaswa kuwa. Hakujua kwamba baba amerudi na amesimama nyuma yake. Alitarajia kupigwa, lakini aliitwa chumbani akakabidhiwa tanpura, ala ya nyuzi inayoshikilia sauti ya msingi ili mwimbaji asipotee. Masomo yake yalianza hivyo, kwa kuimba. Baadaye ikaja sitari, ala nyingine ya nyuzi.

Huyo ndiye Annapurna Devi, aliyezaliwa Maihar mwaka 1927. Alipoimudu sitari, baba alimpa nafasi ya kuhamia surbahar, ala kubwa kuliko sitari, yenye sauti nzito, inayofaa raga, mfumo wa sauti wa muziki wa kitambo wa India, hasa ule mwanzo wake usio na ngoma wala haraka. Hakumficha kitu. Sitari, alimwambia, itapendwa na wajuzi na wasio wajuzi; surbahar itapendwa na wajuzi peke yao, wengine huenda wakakurushia nyanya. Binti akachagua surbahar. Mimi hupenda kulifikiria jibu hilo, kwa sababu lilitoka kwa mtu mdogo sana, katika umri ambao wengi wetu tulikuwa tunatafuta kusifiwa tu.

Mwaka 1941 aliozwa kwa Ravi Shankar, mwanafunzi wa baba yake, ambaye baadaye jina lake lilienea dunia nzima. Walipiga pamoja mbele ya watu. Kisha, katikati ya miaka ya 1950, Annapurna akaacha jukwaa na hakurudi tena. Uzeeni alieleza kwamba sifa alizopata yeye zilikuwa zikiitia doa ndoa; Ravi Shankar alikuwa na maelezo mengine. Ndoa ya watu ni siri yao, na sitajifanya hakimu. Ila ndoa yenyewe haikudumu, na aliyebaki bila jukwaa ni mwanamke.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alihamia Mumbai, akaishi ghorofani, hatoki, hapigwi picha, na bado waliotaka elimu ya kweli walimfuata. Nikhil Banerjee, mmoja wa wapigaji sitari wakubwa wa karne iliyopita, alijifunza kwake. Hariprasad Chaurasia alikuwa tayari na jina, filimbi yake ikisikika katika filamu, alipomwomba amfundishe. Akakataliwa, akarudi, akakataliwa tena. Ndipo, ili kuonyesha kwamba yuko tayari kuanza upya, akaigeuza filimbi: aliyezoea kuipiga kwa upande wa kulia akaanza kuipiga kwa kushoto, vidole vyote vikijifunza upya kazi viliyokwisha kuijua. Akapokewa. Tangu hapo akawa anapiga kwa kushoto.

Na huyu mwalimu wa filimbi hakuwa mpiga filimbi. Aliimba. Mwanafunzi alikaa na ala yake, sitari au sarodi au filimbi, mwalimu akaimba kipande, mwanafunzi akakitafuta hadi kitoke kama kilivyoimbwa. Kikikosewa, kiliimbwa tena. Ule uimbaji alioanza nao mbele ya baba yake ndio uliobeba kila kitu alichowapa wengine.

Watu wengi humsifu kwa kule kujificha, na mimi ndipo ninapoachana nao. Ninamheshimu kwa subira, na kwa kukataa kuipunguza elimu ili iuzike. Lakini kimya cha mwanamke hodari kikishasifiwa kuwa ni utakatifu, hakuna tena anayeuliza nani alifaidika nacho. Wanaume aliowafundisha walijaza kumbi. Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Bhushan mwaka 1977, naye alikuwa ameacha jukwaa kwa takriban miaka 20. Alifariki Mumbai, Oktoba 2018, na upigaji wake umebaki katika rekodi chache, hafifu. Ukizisikiliza utasikia surbahar ikienda polepole, kila sauti ikipewa nafasi yake, na palepale utatamani zingekuwa mia. Kufundisha hakukudai anyamaze. Baba yake alifundisha na alipiga mbele ya watu. Kaka yake vilevile. Yeye pia alistahili vyote viwili.