Mjenzi na Mtunzaji

Ndugu msomaji, ukisimama gatini Kilwa Masoko asubuhi, bahari ikiwa shwari, utakiona Kilwa Kisiwani ng'ambo ya pili, na ufukweni utaziona kuta za Gereza. Kila mgeni niliyepata kuvuka naye kwa mashua aliuliza swali moja: ni nani waliojenga haya? Katika miaka yangu yote ya ualimu sikumsikia hata mmoja akiuliza: ni nani waliyoyatunza hata sisi tukayakuta? Swali hili la pili ndilo ninalotaka tulitafakari. Je, mtu ambaye hakujenga kitu, bali amekilinda tu kisiharibike, anastahili kuheshimiwa kama mjenzi?

Sifa za wajenzi zinajulikana. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji huo. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa katika karne ya 11, na ukaja kupanuliwa sana katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyejenga pia jumba la Husuni Kubwa. Mawe yalikuwa matumbawe ya bahari yetu, na kilichoyashikanisha ni chokaa. Utajiri ulitokana na biashara ya dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu, na mambo mengine ambayo si yote ya kujivunia. Mwaka 1505 Wareno wakauteka mji.

Habari za watunzaji husimuliwa kwa nadra. Sheria ya kuhifadhi majengo ya kale ilitungwa mwaka 1937, wakati wa Waingereza. Idara ya Mambo ya Kale ikaanzishwa mwaka 1957, na mkuu wake wa kwanza, Neville Chittick, akafukua Kilwa kwa miaka kadhaa, kisha akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974. Baada ya Uhuru tukatunga sheria yetu wenyewe ya mwaka 1964, ikarekebishwa mwaka 1979, na uongozi wa Idara ukashikwa na Watanzania, akiwamo Amini Mturi. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufukwe, na mvua na mizizi ya miti ikipasua kuta. Baada ya kazi ya miaka kumi, mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Katika miaka ya karibuni usimamizi wa magofu haya umekabidhiwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA.

Hiyo ni historia ya ofisi. Lakini ofisi haina mikono. Mikono ni ya mwashi anayepanga magogo, akapanga matumbawe juu yake, akayachoma, akayazimua kwa maji, kisha akangoja chokaa iive. Angeweza kutumia saruji akamaliza kazi upesi. Lakini saruji ni ngumu kuliko tumbawe, nayo huzuia unyevu usitoke, na mwisho wake ni jiwe la kale kuoza ndani kwa ndani. Kwa hiyo mwashi huchagua njia ndefu, na kazi yake ikiwa nzuri kabisa, hakuna atakayeiona. Mikono mingine ni ya mlinzi. Hapa sina budi kusimulia jambo ambalo nililificha kwa miaka mingi.

Mwaka 1975, nikiwa mwalimu kijana, niliwavusha wanafunzi wangu kwenda kuyaona magofu. Tulipokuwa Husuni Kubwa niliona kigae kidogo cheupe chenye maua ya buluu, cha bakuli la Kichina. Nilikiokota nikakitia mfukoni. Muda si muda mvulana mmoja wa darasa langu naye akaokota chake. Mlinzi, mzee wa kisiwani aliyevaa kanzu iliyochakaa, alimwona. Hakumpigia kelele. Alimwambia, "Mjukuu wangu, kirudishe pale pale ulipokitoa." Mtoto akauliza, "Babu, kigae kilichovunjika kina kazi gani?" Mzee akamjibu, "Kikiwa pale kinasema. Ukikiondoa kinakuwa bubu."

Mtoto akakirudisha. Nami mwalimu wake nilisimama kando, mkono mfukoni, nikinyamaza.

Nilijitetea kwa hoja, maana mwalimu hakosi hoja. Nilisema kigae hiki kikibaki mchangani hakimfundishi mtu, ilhali darasani kitawafundisha mamia. Na kwa kweli kiliwafundisha. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikipitisha mikononi mwa watoto, nikiwaambia, "Bakuli hili lilitoka China likafika kwetu." Macho yao yalikuwa yakiwaka. Je, nilitenda jema au baya?

Nilipostaafu nilikifunga katika kitambaa nikakipeleka kwa wahusika. Kijana aliyenipokea alinishukuru kwa adabu, akachukua kalamu akaniuliza, "Mwalimu, ulikiokota sehemu gani hasa? Chumba kipi? Karibu na ukuta upi?" Sikukumbuka. Nilifikiri nimerudisha kitu, kumbe nilirudisha nusu yake tu. Ile nusu nyingine, yaani mahali pake, niliipoteza siku ile nilipoinama. Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya yule mzee.

Najua hoja ya upande wa pili, nami siidharau. Kuna mwenyeji wa kisiwani atakayesema: kuta za marehemu hupakwa chokaa, ilhali paa langu linavuja; mawe yamelala bure, nami siruhusiwi kuyajengea. Maneno haya si ya ujinga. Babu zetu wenyewe walichukua mawe ya majumba yaliyoanguka wakajengea mengine. Atakayemjibu mtu huyu kwa kumsomea sheria tu hajamjibu. Jibu la haki ni kwamba kazi ya kutunza iwe ajira yake kwanza, ujuzi wa chokaa ubaki kwa wanawe, na faida ya wageni ifike mlangoni kwake. Pasipo hayo, tunamwomba maskini awatunzie matajiri kumbukumbu.

Lakini hoja yake haifuti deni. Mjenzi hujenga akijua atasifiwa, na aghalabu huishi ndani ya alichokijenga. Mtunzaji hulinda asichokimiliki, kwa ajili ya watu wasiozaliwa, ambao hawatalijua jina lake. Akishinda, hakuna kinachoonekana, kwa kuwa ukuta uliokuwapo jana upo na leo. Akishindwa, kila mtu humlaumu. Kwa hiyo nimeshawishika kwamba heshima yake isipungue ile ya mjenzi. Sultani alihitaji mali na amri. Yule mzee hakuwa na mali wala amri, wala mimi sikumpa heshima ya ukweli siku ile.

Sikuwahi kuuliza jina lake. Nilipokwenda kukirudisha kigae niliulizia habari za walinzi wa zamani, nikaambiwa wengi wameshatangulia mbele ya haki. Basi nawaomba walimu vijana watakaowavusha watoto ng'ambo ile: mkimaliza kuwasomesha majina ya masultani, mwulizeni mlinzi jina lake, naye mtoto aliandike katika daftari lake pamoja na yale mengine.