Moshi wa Jirani

Katika nchi za baridi kama Njombe na Makete, miezi ya Juni na Julai kila chumba hutafuta jiko lake la makaa. Nyumba nyingi za kupanga zina kuta zisizofika juu. Maneno ya watu hupita, na moshi nao hupita. Ndipo lazuka swali: mtu akiota moto chumbani mwake, na moshi ukamwingilia mwenziwe, je, ana haki?

Yeye husema, “Kodi nalipa, nani atanizuia?” Neno hili tusilidharau, maana baridi si mchezo, hasa palipo na mtoto mchanga.

Wanasheria wa Rumi waliliwaza jambo hili zamani. Katika mkusanyo wa sheria uliotolewa mwaka 533 kwa amri ya Kaisari Justiniano, imo habari ya duka la jibini katika mji wa Minturnae, ambalo moshi wake uliwapandia wakaao juu. Aristo alitoa shauri kwamba mwenye duka aweza kuzuiwa, kwani mtu hufanya apendalo kwake maadamu hamtupii mwingine kitu. Lakini Pomponio aliona ya kuwa moshi mwepesi wa mekoni si jambo la kushtakiana. Twampenda huyu wa pili. Asiyetaka kusikia hata harufu ya kitunguu cha jirani na akajenge porini!

Walakini watu wale walipima kwa macho na pua tu. Sisi twajua ya kuwa makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, na aliyelala huenda asiamke tena. Tena makaa yakisha kuwa mekundu moshi hukoma, na wote wawili hudhani matata yamekwisha, kumbe sumu ingalipo.

Hapo adabu yetu ya kunyamaza yafika mpaka wake. Wengi tumelelewa kuona kwamba kulalamikia moto wa mtu ni kumdharau kwa umaskini wake. Lakini aliye karibu zaidi na jiko ni nani? Ni yeye na watoto wake. Basi tuumwapo kichwa kwa makaa yake, tumgongee mlango usiku ule ule, si kwa kumdai haki yetu, bali kumwamsha. Wote watoke nje, jiko litolewe, milango ifunguliwe, na aliyelegea apelekwe hospitali. Wala si vema kumwambia atoe jiko, kisha tukarudi kwenye mablanketi yetu matatu tusimwulize atajifunika nini.

Wapangaji wengine humwendea mwenye nyumba wakamtaka azibe kuta hata juu. Shauri hili twaliogopa likiwa peke yake. Moshi hautatufikia upesi, na malalamiko yatakoma. Bali jirani atakuwa amefungiwa chumbani pamoja na sumu yake, wala hatutasikia akikohoa. Kama ni kumwendea mwenye nyumba, twende pamoja na huyo jirani, tuombe madirisha yanayofunguka na kibanda cha kuotea moto uani, ili jiko lisiingie kabisa mahali pa kulala.