Amana na Hadhari

"Ile hela itume kwenye namba hii." Ujumbe huu umezagaa katika simu za Kinondoni na Temeke, nao hauna jina la mtumaji. Laghai hamjui anayemwandikia. Anajua tu kwamba penye wapangaji hapakosi mdaiwa wa kodi aliye tayari kulipa. Basi anayenaswa hapa hana tamaa. Ni mtimiza ahadi. Naye huongezewa kicheko cha majirani, akanyamaza. Na kimya hicho ndicho kimhifadhicho mwizi. Kumpigia kwanza mwenye nyumba kwa namba yake ya siku zote, kisha kuipeleka namba ya tapeli 15040, kwa Mamlaka ya Mawasiliano, si kuwadhania watu vibaya. Uaminifu usiolindwa humlisha asiye mwaminifu.