Kununua na Kuruhusiwa

Anunuaye hupata mali au hupata ruhusa? Linux, iliyoanzwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hutolewa kwa leseni impayo kila mtu haki ya kuitazama, kuibadili na kuigawa. Katika uwanja huo huru duka la Steam liliingia mwaka 2013. Na tangu 2018 chombo chake, Proton, huwezesha michezo mingi ya Windows kuchezwa humo. Mchezaji hulipa, kisha mkataba humwambia kuwa amepewa leseni tu. Kuuza alichonunua hawezi.

Richard Stallman, mtetezi wa programu huru, alilipima jambo hili mwaka 2012. Alikisia kuwa faida ya kuwavuta watu ingeishinda hasara, lakini alihofu wasije wakafundishwa kwamba uhuru si shabaha. Hofu yake ni ya haki. Walakini mgeni mwenye sanduku lililofungwa haibomoi nyumba isiyo na kufuli. Ubaya umo katika neno “nunua” kubandikwa juu ya kitu cha kuazima. Sheria ya California, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, humtaka muuzaji aseme wazi kuwa atoacho ni leseni, isipokuwa mnunuzi aweza kukipakua na kukihifadhi daima bila mtandao. Michezo ya namna hiyo ipo. Duka la GOG huiuza, mingine ikiwa ya Linux.