Oda Kabla ya Ujuzi

Dada mmoja wa Kinondoni alipokea oda za chokoleti za Krismasi kabla hajawahi kuyeyusha hata kipande kimoja. Alikuwa ameona picha kwenye simu, akapiga hesabu ya faida, akachukua na kianzio.

Tarehe 23 Desemba aliweka bakuli la chokoleti juu ya sufuria ya maji ya moto, akalifunika ili iwahi kuyeyuka. Mvuke ukajikusanya kwenye kifuniko, ukadondokea ndani. Matone machache tu yanatosha: sukari na unga wa kakao huyanyonya na kushikamana, na chokoleti iliyokuwa ikitiririka inageuka mabonge kama udongo wa mfinyanzi. Akatia kijiko cha maziwa baridi, ikazidi kukaza. Akaitupa yote jaani. Hapo ndipo roho inaponiuma, maana haikuwa imeharibika. Angeitilia maziwa ya moto ya kutosha, akakoroga taratibu, angepata rojo zito la kumwagia keki.

Chokoleti ya pili iliyeyuka vizuri. Akaimimina moja kwa moja kwenye vibati, akaikimbizia kwenye friji. Kumbe siagi ya kakao huweza kuganda kwa namna kadhaa, na namna moja tu ndiyo inayoleta mng'ao na ule mlio wa kuvunjika. Ili kuipata, chokoleti nyeusi hupashwa hadi nyuzijoto 45 hivi, hupozwa hadi 27 au 28, kisha hupashwa tena kidogo, 31 au 32. Wengi hubakiza theluthi moja ikiwa imekatwakatwa, wakaichanganya na iliyoyeyuka baada ya kuiepua, wakikoroga hadi ipoe.

Yeye aliiruka hatua hiyo. Chokoleti zikatoka na mabaka meupe, na kwa joto la Dar zikaanza kulainika mikononi mwa wateja. Wakadhani ni ukungu, wakadai fedha zao. Yalikuwa mafuta ya kakao tu, hayana madhara, lakini mkesha wa Krismasi nani angemsikiliza?

Jirani yake, aliyewahi kufanya kazi jikoni hotelini, alimuuliza, "Mdogo wangu, pakiti uliisoma?" Zipo chokoleti za mapishi zenye mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao. Ladha yake ni hafifu, lakini huganda vizuri bila mzunguko huo wa joto, na anayeanza zinamfaa.

Mwaka uliofuata alianza majaribio Novemba, bakuli kavu, bila kifuniko, kwa fedha yake mwenyewe. Oda alipokea baada ya watu kuonja.